Milioni 5.4 au 350,000? Kwa nini wahariri wa Wikipedia hugombania idadi ya waliokufa vitani

Mabishano yalianza usiku kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, baada ya mtu kutuma picha za watu waliokimbia makazi yao karibu na Goma. Binamu yangu akaandika kwamba vita vya Kongo vimeua watu milioni 6. Mjomba, ambaye miaka ya tisini alikuwa akipeleka vitenge Bukavu, akasema hapana, ni milioni 10 na zaidi. Kijana wetu mmoja wa chuo akapiga picha ukurasa wa Wikipedia ya Kiingereza kuhusu Vita vya Pili vya Kongo na kuurusha kundini. Ndani ya kisanduku kimoja kulikuwa na namba mbili: milioni 5.4 na 350,000. "Hawa nao wanajikanganya wenyewe," akaandika. "Kila mtu anaingia na kuandika anachotaka." Basi mjadala ukafa, kila mmoja akalala na namba yake.

Naandika kwa sababu namba zile mbili hazijikanganyi hata kidogo. Zote zimetoka kwa shirika moja, Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji, ambalo wengi wetu tunalijua kwa herufi zake, IRC, kwa kazi zake kambini kwa wakimbizi. Ile 350,000 ni makadirio ya waliouawa moja kwa moja, kwa silaha, mashariki mwa Kongo kati ya Agosti 1998 na mwanzoni mwa 2001. Milioni 5.4 ni makadirio ya "vifo vya ziada", yaani vifo vyote, nchi nzima, ambavyo visingetokea kama vita visingekuwapo, kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Yameulizwa maswali mawili, yakapatikana majibu mawili. Aliyeyaweka kwenye kisanduku kimoja alifanya kazi nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kutueleza namna ya kuyasoma.

Wanaoandika ni nani hasa

Wikipedia ni kamusi elezo iliyoanzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, na inaandikwa na watu wanaojitolea. Ofisi ipo, ni Shirika la Wikimedia lenye makao San Francisco. Shirika hilo hulipia mitambo, programu na mawakili, lakini halikai kupanga makala fulani iseme nini. Kazi hiyo ni ya wahariri, yaani watu waliobonyeza neno "Hariri" na kuanza kuandika.

Juu ya kila makala kuna sehemu nyingine mbili ambazo wasomaji wengi hawazigusi kabisa. Moja ni "Majadiliano", ambako wahariri hubishana. Nyingine ni historia ya ukurasa, ambako kila badiliko hutunzwa pamoja na saa lilipofanyika na jina la aliyelifanya. Hakuna kinachofutika moja kwa moja: neno lililoondolewa miaka kumi iliyopita kwa kawaida bado utalikuta humo.

Makala za vita huwa na kisanduku pembeni chenye tarehe, mahali, pande zilizopigana, makamanda, na chini kabisa, waliokufa. Ugomvi mkali uko kwenye mstari huo wa chini. Ndani ya makala mhariri ana aya nzima ya kueleza kwamba namba fulani ni ya wizara fulani, imehesabiwa hivi, na fulani anaipinga. Kwenye kisanduku ana nafasi ya maneno matano. Na kisanduku ndicho kinachonyofolewa na injini za utafutaji, programu za kujibu maswali na watu wenye haraka kama kijana wetu.

Neno kwanza, namba baadaye

Wanajeshi wanaoandika kwa Kiingereza wana neno moja, "casualties", linalobeba waliokufa, waliojeruhiwa, waliotekwa na wasiojulikana walipo, kwa maana ya kila askari ambaye hawezi tena kupigana. Neno hilo likifika kwetu mara nyingi linatafsiriwa "waliouawa". Hapo namba inavimba mara mbili au tatu bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Nimeliona kosa hili mara nyingi kwenye habari za Ukraine.

Kiswahili chetu kinatubana vizuri zaidi, tukikisikiliza. Ukisema watu "walikufa", hujasema nani kafanya nini. Ukisema "waliuawa", umesema kuna muuaji, na msomaji anageuka kumtafuta. Majeruhi ni majeruhi. Mhariri anayebadilisha "walikufa" kuwa "waliuawa" amegusa herufi chache tu, lakini ukurasa wa majadiliano unaweza kuwaka moto wiki nzima, na sidhani kama wanaobishana wanapoteza muda.

Sasa namba. Fikiria msiba. Mpishi ukimuuliza watu wangapi walikuja, atakuhesabia sahani: 400. Mwenye maturubai atakuhesabia viti: 250. Aliyeshika daftari la rambirambi atakusomea majina: 180. Hakuna mwongo kati ya hao watatu. Mpishi aliwahesabu hata watoto wa jirani na waliokula mara mbili. Mwenye daftari aliwaacha waliokuja mikono mitupu. Mwenye viti hakuwaona waliosimama. Ila akisimama ndugu siku ya arobaini na kutangaza kwamba walikuja watu 830, huyo amewajumlisha watu wale wale mara tatu.

Idadi ya waliokufa vitani hupatikana kwa njia zinazofanana na hizo. Kuna wanaotunza daftari la majina, jina kwa jina, kwa kutumia vyeti vya hospitali, makaburi, matangazo ya vifo. Kuna wanaokusanya habari za magazeti na kuhesabu kila tukio. Na kuna wanaogonga milango ya kaya chache zilizochaguliwa, kisha wanakadiria kwa ajili ya nchi nzima. Daftari la majina karibu siku zote hutoa namba ndogo, kwa kuwa aliyezikwa porini bila shahidi hayumo. Makadirio ya kaya kwa kaya hutoa namba kubwa, na pia hubeba wasiwasi mkubwa.

Irak ilionyesha jambo hili wazi. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2006 ulikadiria vifo vya ziada 654,965 kati ya Machi 2003 na Julai 2006. Utafiti mwingine wa kaya kwa kaya, uliofanywa na serikali ya Irak pamoja na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2008, ulikadiria vifo 151,000 vya ukatili kwa karibu kipindi hicho hicho. Kabla hujasema mmoja ni mwongo, angalia kwamba wa kwanza ulijumlisha vifo vyote vya ziada na wa pili vya ukatili peke yake. Tofauti hiyo haielezi pengo lote, maana hata vifo vya ukatili utafiti wa kwanza uliviweka juu ya 600,000. Ndiyo maana ugomvi wake haukuisha.

Namna milioni 5.4 ilivyopikwa

Hakuna aliyehesabu maiti milioni 5.4. Utafiti wa mwisho wa IRC, uliohusu Januari 2006 hadi Aprili 2007, ulipita kwenye kaya 14,000 katika kanda 35 za afya. Mtafiti anabisha hodi, anakaribishwa, anauliza: tangu tarehe fulani nani alikuwa akiishi hapa, nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, na alifariki kwa nini? Majibu yote yanageuzwa kuwa kipimo kimoja, yaani kwa mwezi wanakufa watu wangapi katika kila watu 1,000. Jibu lilikuwa 2.2.

Lakini watu hufa hata penye amani. Kwa hiyo lazima utoe vifo ambavyo vingetokea hata bila vita. IRC ilichukua kiwango cha 1.5, kilichokaribiana na wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Ukitoa, unabaki na 0.7.

Tufanye hesabu ya mkononi. Tuseme, kwa urahisi tu, nchi ina watu milioni 60. Vifo 0.7 katika kila watu 1,000 ni watu 42,000 kwa mwezi. Hapo ndipo yalipotoka makadirio maarufu ya vifo 45,000 kila mwezi.

Mwaka 2010 watafiti wa ripoti ya usalama wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, waliipinga hesabu hiyo. Walisema 1.5 ni ndogo mno kwa Kongo, nchi ambayo zahanati na barabara zake zilikuwa zimekwisha kuoza tangu enzi za Mobutu, kabla risasi ya kwanza haijalia. Wao waliona 2.0 iko karibu zaidi na hali halisi. Rudia hesabu yetu: 2.2 toa 2.0 ni 0.2, na 0.2 katika kila 1,000 ni watu 12,000 kwa mwezi.

Tulia hapo kidogo. Tumeshuka kutoka 42,000 hadi 12,000 na hakuna hata kaburi moja lililofukuliwa wala nyumba moja iliyotembelewa upya. Tumegusa nusu ya mtu katika kila elfu. Watafiti hao walilalamikia pia namna maeneo ya tafiti za mwanzo yalivyochaguliwa. Kwa miaka ya 2001 hadi 2007, ambayo IRC iliipa vifo milioni 2.8, wao walipata chini ya milioni moja. Wanademografia wawili wa Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, walipita njia nyingine na kupata takriban 200,000 kwa 1998 hadi 2004.

Kwa nini hakuna anayeweza kumaliza ubishi huu? Sababu kubwa ni kwamba Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Kiwango cha kawaida kinachotafutwa ni cha nchi ambayo ilikuwa haijahesabu watu wake kwa miaka 14 vita vilipoanza.

Na waliokufa walikufa kwa nini? Katika utafiti ule wa mwisho, vifo vilivyotokana moja kwa moja na ukatili vilikuwa asilimia 0.4 tu. Vilivyobaki vilitokana na malaria, kuhara, nimonia, utapiamlo, uzazi. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa asilimia 19 ya watu, lakini karibu nusu ya marehemu. Sasa mtoto aliyekufa kwa malaria msituni Ituri kwa sababu zahanati ya kijiji ilichomwa moto na mama yake amekimbia, huyo ameuawa na vita au na mbu?

Mimi naamini ameuawa na vita. Lakini naamini vilevile kwamba makala ikiandika "waliouawa: milioni 5.4" inampotosha msomaji, kwa kuwa msomaji ataona mapanga na bunduki, na hatawaona wale watoto. Wahariri wanaosisitiza maneno "vifo vya ziada" huitwa wakanushaji, wengine hutukanwa hadharani. Wengi wao wanalinda tu maana ya namba isipotee. Milioni 6 ya binamu yangu ni ile 5.4 iliyosukumwa mbele kwa miaka iliyofuata. Milioni 10 ya mjomba inasikika sana kwenye majukwaa ya siasa, ila haina utafiti wa kaya kwa kaya nyuma yake.

Hata majaji wamepita kwenye njia panda hii. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325 kwa majeshi yake kuivamia wakati wa vita vile. Kongo ilidai vifo vya raia 180,000. Mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama alikuwa amekadiria karibu vifo milioni 5 vya ziada kwa nchi nzima. Mahakama haikuifuata namba yoyote kati ya hizo. Ilisema vifo ambavyo Uganda inawajibika navyo ni kati ya 10,000 na 15,000. Majaji hawakukanusha msiba wa Kongo. Swali lao lilikuwa jingine: vifo vipi, vya nani, na ushahidi uko wapi.

Ugomvi unavyoonekana ukiukaribia

Fungua historia ya makala ya vita vinavyoendelea. Utaona mistari mifupi iliyopangwa kushuka chini, kila mmoja na saa, jina, na tarakimu ya kijani au nyekundu inayoonyesha maandishi yaliyoongezwa au kupunguzwa. Mmoja ameongeza herufi 14. Dakika nane baadaye mwingine amepunguza herufi 14. Wa kwanza amerudi, ameongeza zile zile 14. Huo ndio unaoitwa ugomvi wa kuhariri, na mara nyingi herufi hizo 14 ni neno kama "inabishaniwa" na alama zake. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ukitengua kazi za wenzako zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja, unaweza kufungiwa hata kama ukweli uko upande wako. Unatakiwa uende kwenye majadiliano.

Huko kuna kanuni tatu zinazotajwa kila saa. Kila jambo litoke kwenye chanzo kilichochapishwa na kinachoaminika. Mhariri asilete utafiti wake mwenyewe. Na makala isiegemee upande. Kanuni ya pili ndiyo inayowaumiza watu wengi. Huruhusiwi kuchukua namba ya wizara, ukaongeza ya shirika la misaada na ya jeshi, ukaandika jumla. Ni yule ndugu wa arobaini na watu wake 830. Kutoegemea upande nako hakumaanishi kukata katikati. Milioni 5.4 na 200,000 wastani wake ni milioni 2.8, na hakuna mtafiti yeyote aliyewahi kusema kwamba hicho ndicho kipimo cha vita vile.

Watu hudhani pia kwamba namba huamuliwa kwa kura, na kwamba upande wenye vijana wengi mtandaoni ndio hushinda. Kwa kanuni, kinachopimwa ni uzito wa hoja na vyanzo. Kwa vitendo, wingi na ukakamavu husaidia sana, tusidanganyane. Ndiyo maana kurasa zenye moto hufungwa: makala za mgogoro wa Israeli na Waarabu kwenye Wikipedia ya Kiingereza zinaweza kuhaririwa tu na mwenye akaunti ya angalau siku 30 na mabadiliko 500. Yule anayesema "kila mtu anaingia na kuandika anachotaka" ajaribu huko. Juu ya wahariri kuna kamati ya usuluhishi, nayo ni ya watu wa kujitolea, ambayo Januari 2025 iliwafungia wahariri kadhaa, wa pande zote mbili, wasiguse tena mada hiyo.

Gaza imetuonyesha dhana moja ambayo ni ngumu kuing'oa: kwamba namba ikishuka, basi kuna mtu alikuwa akidanganya. Novemba 2023 Israeli ilishusha idadi ya waliouawa na Hamas tarehe 7 Oktoba kutoka 1,400 hadi takriban 1,200, baada ya kugundua kwamba baadhi ya miili iliyoungua vibaya ilikuwa ya washambuliaji wenyewe. Mei 2024 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya kibinadamu nayo ilibadilisha jedwali lake la Gaza. Juzi yake iliandika watoto zaidi ya 14,500. Sasa ikaandika watoto 7,797. Mitandao ikapiga kelele kwamba Umoja wa Mataifa umefuta nusu ya watoto waliokufa. Jumla ya waliokufa haikushuka, ilibaki karibu na 34,800. Kilichobadilika ni kwamba safu mpya iliwahesabu wale tu waliokwisha kutambuliwa kwa majina yao kamili, watu 24,686. Walikuwa wakisoma sahani, wakahamia kwenye daftari.

Wengine hutaka namba za Wizara ya Afya ya Gaza zisitumike kabisa kwa kuwa Hamas ndiyo inayotawala huko. Vita vya 2014 vinatoa kipimo. Wizara ilihesabu waliokufa 2,310, Umoja wa Mataifa 2,251, Israeli yenyewe 2,125. Kwenye jumla hawakuachana mbali. Waliachana kwenye swali la raia ni wangapi: Umoja wa Mataifa ulisema asilimia 65, Israeli ikasema 36. Kwa hiyo mhariri makini huandika "kwa mujibu wa" mbele ya jumla, kisha nguvu zake huzipeleka kwenye mgawanyo, palipo na ubishi wa kweli.

Mahali mfumo ulipoanguka

Nisiwapambe. Kwa miaka 15, kuanzia 2004 hadi 2019, Wikipedia ya Kiingereza ilibeba madai kwamba kambi ya Wanazi mjini Warsaw ilikuwa na vyumba vya gesi vilivyoua Wapolandi 200,000. Kambi ilikuwapo kweli. Vyumba hivyo vya gesi na hao watu 200,000 ni uzushi, uliofichuliwa kwa umma na gazeti la Haaretz mwaka 2019. Ulikuwa na vyanzo vyake, vimepangwa vizuri chini ya ukurasa, na wasomaji wakapita tu.

Kisa cha Kroatia kinaniuma zaidi, kwa sababu kinagusa lugha zenye wahariri wachache kama yetu. Kwa takriban miaka kumi kikundi kidogo cha wazalendo wa mrengo mkali kiliishika Wikipedia ya Kikroeshia. Wao ndio waliokuwa wakabidhi, wenye mamlaka ya kufunga kurasa na kuwafungia watu. Jasenovac, kambi ya mauaji ya utawala wa Ustaša, washirika wa Wanazi nchini Kroatia, ikageuzwa kwa maneno yao kuwa mahali pa kukusanyia watu na kufanya kazi. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroatia aliwaambia wanafunzi wasiitumie. Wikimedia ilichapisha tathmini yake mwaka 2021, ikakiri kwamba ule mradi ulikuwa umetekwa.

Na Jasenovac hiyo hiyo inafundisha upande wa pili. Yugoslavia ya zamani ilikuwa ikitangaza kwamba waliouawa pale ni 700,000. Jumba la kumbukumbu la kambi, likihesabu jina kwa jina, limefikia majina 83,145. Bosnia nako, baada ya vita vya 1992 hadi 1995, watu walizoea kusikia 200,000 au 250,000, mpaka kituo cha utafiti cha Sarajevo kilipotoa orodha ya majina 97,207 mwaka 2007. Walioifanya kazi hiyo walitukanwa kwamba wanawasaliti marehemu. Mimi naona waliwaheshimu kuliko wote, maana jina lililoandikwa halipingiki kirahisi, na namba iliyovimbishwa humpa mkanushaji kisu mkononi.

Daftari letu wenyewe

Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907: serikali ya Wajerumani iliandika wenyeji 75,000 waliokufa. Mwanahistoria wa Tanzania, Gilbert Gwassa, alikadiria 250,000 hadi 300,000. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni njaa, kwa sababu majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma mashamba na maghala makusudi, na njaa ikaendelea kuua bunduki zilipokwisha kunyamaza. Ni swali lile lile la mtoto wa Ituri, ila limetangulia kwa karne nzima, Umatumbi na Ungoni.

Kenya nako, Waingereza waliandika wapiganaji wa Mau Mau 11,503 waliouawa. Mwanahistoria Caroline Elkins, akilinganisha sensa za 1948 na 1962, alisema Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani walikokwenda. Mwaka 2007 mwanademografia John Blacker alizipitia sensa zile zile akapata vifo vya ziada takriban 50,000, zaidi ya nusu yake watoto wa chini ya miaka kumi. Walitofautiana kuhusu nini? Kuhusu kiwango cha kawaida: Wakikuyu wangeongezeka kwa kasi gani kama pasingekuwa na vita. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba wanaopunguza namba ya Elkins wanawatetea Waingereza, mwoneshe kwamba namba ya Blacker bado ni zaidi ya mara nne ya ile ya serikali, na imejaa watoto.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Watu wa Bunia, Goma, Bukavu na Kisangani wanaisoma lugha hii bila mkalimani, na hao ndio jamaa wa wale wanaobishaniwa. Lakini ukifungua makala zetu nyingi za vita, mara nyingi namba ya waliokufa imechukuliwa kutoka Kiingereza bila "kwa mujibu wa" na bila miaka, na neno "Majadiliano" juu ya ukurasa ni jekundu, alama kwamba ukurasa huo haujafunguliwa na mtu yeyote. Kuna na ukuta mwingine: kanuni inataka chanzo kilichochapishwa, na mengi ya mashariki mwa Kongo yamo vinywani mwa watu. Mwaka 2011 Mhindi Achal Prabhala aliongoza mradi, India na Afrika Kusini, wa kujaribu kuyafanya masimulizi ya mdomo yaliyorekodiwa yakubalike kama chanzo. Kanuni ilibaki ilivyo.

Asubuhi iliyofuata niliwatumia wote kundini maelezo mafupi ya haya, nikiwaonyesha ile 350,000 na ile milioni 5.4 zimetoka wapi. Kijana wetu aliuliza maswali mawili matatu ya maana. Binamu alisema sawa. Mjomba alikaa kimya hadi jioni, kisha akaandika majina matano ya watu aliokuwa akifanya nao biashara Bukavu, kila jina na mstari wake. Wawili kwa risasi. Mmoja kwa kipindupindu, kambini. Mmoja wakati wa kujifungua, njiani kwenda Uvira. Wa tano hajaonekana tangu 1998.